Kizingiti cha Morris

Neno kizingiti lina kazi nyingi. Kwa seremala ni kile kipande cha mti kinacholala juu au chini ya mlango na kuifunga miimo miwili. Kwa mkulima wa bondeni ni boma la kuzuia maji. Na kwa wasemaji wa mikutanoni, tangu zama za mipango ya miaka mitano, ni kikwazo cha kila jambo jema lililokusudiwa likashindikana. Maana hii ya mwisho imeenea hata ikakaribia kuimeza ile ya kwanza. Mtoto wa leo akiambiwa asikae kizingitini, huenda akadhani amekatazwa kukalia tatizo.

Mlango wa nakshi wa Unguja au Lamu hutazamwa juu. Huko ndiko fundi alikomaliza ustadi wake, kwenye kizingiti cha juu, kwenye miimo na kwenye mfaa, kwa maua na minyororo na samaki. Kizingiti cha chini aghalabu huachwa kitupu, kwa kuwa hicho ni cha nyayo. Lakini mwenye nyumba anapolalamika kwamba mlango umeanza kukwama, fundi mzoefu hainui kichwa. Huchutama, akatoa kisu, akaudunga ule ubao wa chini, maana maji na mchwa huanzia huko. Katika magofu ya Kua, kisiwani Juani, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, milango ya mbao haipo tena. Zimebaki kuta za mawe na chokaa na nafasi za kuingilia, na mgeni afikapo hapo huinua mguu kwa staha, asijue amfanyia nani.

Gari nalo lina kizingiti chake. Ni ule ukingo wa chuma ulio chini ya mlango, unaoiunganisha nguzo ya mbele yenye bawaba na nguzo ya nyuma yenye kitasa. Juu yake, katika magari mengi ya zamani, lilifungwa bamba jembamba la alumini lenye mifuo, kwa skrubu ndogo ndogo. Bamba hilo huilinda rangi isikwanguliwe na viatu, huubana ukingo wa zulia, na, kusema kweli, humfurahisha mwenye gari kila afunguapo mlango. Ni kitu kidogo. Huchakaa mapema, hupinda, hupotea, na gari la kale linapohuishwa huwa ni miongoni mwa vitu vya mwisho kutafutwa. Wapenzi wa magari hayo, wale wanaofuatilia mbio za Safari za magari ya kale zilizoanzishwa mwaka 2003, wanaijua taabu ya kulitafuta.

Gari linalohusika hapa ni Morris Minor, na yafaa lielezwe kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwahi kuliona likipita Darajani au barabara ya Pugu. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1948, likaendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na idadi yake ikafika takriban 1,600,000. Msanifu wake, Alec Issigonis, alizaliwa Izmir, nchini Uturuki, na ndiye aliyebuni pia Mini ya mwaka 1959. Wakati wa kubuniwa gari liliitwa Mosquito, yaani mbu. Jina hilo likaachwa, na watu wa visiwani hawakulikosa. Inasimuliwa kwamba Lord Nuffield, mwenye kiwanda, alipoliona kwa mara ya kwanza alisema linafanana na yai lililopikwa majini bila ganda. Kisa kingine ni cha kustaajabisha zaidi. Gari la mfano lilipokwisha kutengenezwa, Issigonis aliona ni jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zitengwe mpaka umbo limpendeze, na ile nafasi ikajazwa: inchi 4, karibu sentimita 10. Bampa za awali zilikuwa zimekwisha kuundwa, ikabidi zikatwe na kuungwa kipande katikati. Hivyo gari hilo, ambalo leo watu hulihangaikia libaki kama lilivyotoka kiwandani, lilitoka kiwandani likiwa na kiraka.

Katika kijiji cha Ndagoni, kisiwani Mafia, lilikuwako moja, la kijivu, lenye milango miwili. Mwenyewe alikuwa mtumishi aliyemaliza kazi yake Dar es Salaam akarejea kwao, na gari akarejea nalo kwa jahazi, limesimamishwa juu ya mbao na kufungwa kamba kama ng'ombe. Mzee huyo alikuwa na udhaifu wa mguu wa kulia tangu ujana. Katika gari ambalo usukani uko kulia, anayeingia hutanguliza mguu wa kushoto, akakaa, kisha akauvuta wa kulia. Naye kwa kuwa hakuweza kuunyanyua vizuri, aliuburura juu ya kizingiti. Alifanya hivyo akienda sokoni Kilindoni, akienda mazikoni, akienda Ijumaa, kwa miaka mingi. Mifuo ya bamba la kulia ikafutika, na ukingo wake ukalika kidogo kidogo mpaka ukafanya bonde mfano wa mwezi mchanga.

Alipofariki, gari lilibaki chini ya mwembe. Kuku walitaga katika kiti cha nyuma. Warithi walikuwa mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na kama ilivyo kwa mirathi nyingi za pwani, mashamba ya minazi yaligawika kwa utulivu kuliko kile kitu kimoja kisichogawika. Gari halikatwi mafungu, lazima liuzwe. Mwana mkubwa, aishiye Dar es Salaam, akampata mnunuzi, mtu mwenye mapenzi na magari ya kale na uwezo wa kuyalipia mapenzi hayo. Mnunuzi alipelekewa picha kwa simu. Aliridhika na taa, aliridhika na dashibodi, akauliza habari ya mabamba ya vizingiti, kwa sababu katika picha aliona la kushoto limepinda na la kulia limelika. Akasema yakipatikana ya asili, bei aliyoitaja haitapungua.

Ndipo kazi ikamfikia fundi. Huyu hakuanza na magari. Alijifunza mkono kwenye majahazi, kwa tezo na keekee, kukalafati na kubadilisha mbao zilizooza, akahamia kwenye mashine za boti na mwisho kwenye magari, ambayo huko kisiwani si mengi kiasi cha kumshibisha mtu peke yake. Maagizo aliyopewa yalikuwa mafupi: ang'oe mabamba ya zamani, asafishe, na mapya yakiwasili kutoka Uingereza ayafunge.

Kung'oa kwenyewe kulichukua siku mbili. Skrubu za chuma zilizokaa ndani ya alumini karibu na bahari haziishi kwa amani. Metali mbili tofauti zikigusana na chumvi ikaingia kati, alumini huliwa na kutoa unga mweupe kama chokaa, na unga huo huishika skrubu kuliko gundi. Mwenye haraka hutia bisibisi na kuzungusha, kichwa cha skrubu kikafutika, na hapo taabu ikaanza upya. Fundi alitia mafuta ya taa jioni, akaacha yalale. Asubuhi aliisimamisha bisibisi juu ya kila skrubu na kuigonga kwa nyundo, pigo moja la chini, kabla ya kujaribu kuizungusha. Kumi na moja zilitoka. Zilizokaidi alizitoboa vichwa kwa keekee. Bamba la kushoto, ambalo tayari lilikuwa na ufa, lilivunjika vipande viwili. La kulia lilitoka zima.

Chini yake palikuwa na mchanga. Haukuwa wa kupeperushwa tu. Ulikuwa umeshindiliwa, una unyevu, umejaa ndani ya mfereji wa kizingiti mpaka kwenye matundu ya kutolea maji, na kuyaziba. Mchanga wa Mafia ni mzuri kwa kutembea pekupeku, lakini ndani ya chuma hufanya kazi ya sifongo: hunywa maji ya mvua na hauyaachi. Kwa nje kizingiti kilionekana kizima, rangi imekaa. Fundi akatoa sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio mbovu, akaipitisha polepole juu ya ile rangi. Hapa ikashika, hapa ikateleza. Ilipoteleza palikuwa na puti iliyopakwa miaka mingi nyuma na mkono mwingine. Aligonga kwa mpini wa bisibisi. Badala ya mlio ikatoka sauti ya nazi kavu iliyokwisha maji. Akaidunga, na bisibisi ikazama hadi mpini.

Katika Land Rover jambo hilo lingekuwa aibu tu, kwa kuwa gari lile limekalia fremu yake ya chuma na bodi ni kama nguo. Morris Minor halina fremu kamili. Nguvu zake ziko katika bodi yenyewe, na sehemu kubwa ya nguvu hizo iko katika vile vizingiti viwili, mmoja kila upande, kama mkuku wa chombo uliogawanywa mara mbili. Vikioza, gari huanza kulegea katikati, milango ikakataa kufunga sawasawa, na siku likipata kishindo huwakunja waliomo. Kwa aliyewahi kubadilisha mkuku hapana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Fundi akapiga simu Dar es Salaam akaeleza. Mwana mkubwa alisikiliza, akajibu kwa adabu ya mtu mwenye haraka:

"Mzee wangu, nakushukuru. Lakini wewe funga mabamba tu. Huyu bwana hatafunua chini ya bamba."

"Mwanangu," fundi akasema, "nitalifunga juu ya nini?"

Swali hilo lilikuwa la kiufundi kabla ya kuwa la jambo lingine lolote. Skrubu inataka chuma cha kuuma, na chuma hakikuwapo. Iliwezekana, bila shaka, kujaza puti, kupachika vipande vya mbao na kubandika bamba kwa gundi. Wako wanaofanya hivyo, na bamba jipya linalong'aa ni pazia zuri kuliko mengi. Kila mtu hulitazama na hapana atazamaye chini yake. Bei ya mabamba ya asili na usafiri wake ilikaribia gharama ya kuvitengeneza vizingiti vyote viwili, na fedha iliyotengwa ilitosha moja kati ya hayo mawili.

Basi shauri likaletwa barazani, kwa mjane. Mwana mdogo, aliyekuwapo, alisimama na kaka yake: gari linauzwa kama lilivyo, mnunuzi ni mtu mzima, na mtu mzima hujikagulia. Hoja hiyo ina uzito katika soko la leo. Katika fikihi ya biashara ambayo watu wa mwambao wamelelewa nayo ina uzito mdogo zaidi, kwa sababu muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa ana wajibu wa kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Kabla ya usiku ule hapana aliyejua, na kutojua kungekuwa udhuru. Baada ya bisibisi kuzama, udhuru ulikwisha. Mwanachuoni hakuhitajika.

"Baba yenu," alisema mjane, "alikuwa akihesabu nazi mbele ya mnunuzi, na mbovu akaziweka kando mwenyewe. Fundi, tengeneza huko chini. Mabamba tutajua baadaye."

"Mama, bei itashuka," mwana mdogo akasema.

"Itashuka. Kwani nimesema itapanda?"

Kazi ya vizingiti ni kazi ya subira, na haina mapambo ya kusimulia. Kabla ya kukata chochote fundi alichomelea nondo kuvuka nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili bodi isijikunje kizingiti kitakapoondolewa. Alikata upande mmoja, akaumaliza, ndipo akagusa wa pili. Kila baada ya kipande alifunga mlango na kupitisha kidole kwenye mwanya wake, juu na chini. Bati la kuezekea aliloletewa na jirani mkarimu alilikataa: geji 28 ni nyembamba mno, moto wa kuchomelea huitoboa kabla haijashika. Alitaka bati la geji 18, la milimita moja na ushei, nalo likaja kwa chombo kutoka bara pamoja na mtungi wa gesi. Ndani alipaka rangi ya kuzuia kutu, na matundu ya maji aliyafungua makubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Mhandisi wa Uingereza hakuwa amefikiria mchanga.

Yakabaki mabamba. Hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu, na ndipo fundi alipoonekana kujua kitu ambacho hakikuwa katika vitabu vya Morris. Katika miaka ya 1990, kisiwani Sri Lanka, mafundi walikuwa wakiunda mabati ya Morris Minor na kuyapeleka Uingereza, kwa ushirika na karakana moja ya mji wa Bath, kwa sababu kule gari lilikozaliwa waundaji wa vipuri walikuwa wamepungua na Sri Lanka bado magari hayo yalikuwa kazini. Fundi wa Ndagoni hakuwa na habari hizo. Lakini mantiki ilikuwa ile ile: kipuri cha asili ni kile kinachotengenezwa na mtu ambaye bado ana haja nacho.

Alipata ukanda wa alumini laini kidogo kuliko alivyotaka uwe mgumu. Bamba la kulia, lile zima, alilitumia kama kigezo, kwanza kwenye boksi la katoni, kisha akaligeuza kwa ajili ya kushoto, maana vizingiti viwili vya gari ni kama viatu, havivaani. Mifuo ilikuwa shida. Alichukua ubao wa mkoko, akauchonga mifereji kwa patasi kwa umbali ule ule wa bamba la zamani, na huo ndio ukawa kalibu. Alumini ikipigwa baridi hukakamaa na kupasuka, hivyo akaisugua kwa sabuni ya mche na kuipitishia moto. Alumini yenyewe haibadiliki rangi ipatapo joto, haikuambii lini imetosha. Sabuni ndiyo inayosema. Inapogeuka nyeusi, moto huondolewa, na metali ikipoa huwa laini kama ngozi. Akailaza juu ya mkoko na kuikandamiza mfereji baada ya mfereji kwa kipande cha pembe kilichochongwa butu, bila kuipiga nyundo hata mara moja. Mifuo tisa kila bamba. Wa saba wa bamba la kushoto umekwenda upogo kidogo, na asiyeambiwa hauoni.

Kufunga kulikuwa na taratibu zake. Chini ya bamba alitandika utepe uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, ili alumini na chuma zisigusane tena. Hakutoboa matundu kwenye kizingiti kabla ya bamba kukaa mahali pake. Aliliweka kwanza, akafunga mlango, akaufungua, akahakikisha mpira wa mlango hausugui, ndipo akatia alama. Skrubu zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, kichwa bapa cha kuzama, maana kichwa kilichoinuka hunasa pindo la kanzu na la buibui, na kila moja aliichovya grisi. Alianza na ya katikati akaenda pembeni, kulia na kushoto kwa zamu, bamba likalala bila kuvimba.

Mnunuzi alivuka kwa kivuko cha Nyamisati. Aliambiwa yote kabla hajauliza, na mjane mwenyewe ndiye aliyesema. Alitoa sumaku yake, nzuri kuliko ile ya spika, akapitia vizingiti vyote viwili, akalala chini akamulika tochi. Alipoinuka alikiri kwamba hajaona kazi safi namna hiyo katika magari aliyonunua mjini. Kisha akatazama mabamba.

"Haya si ya kiwandani," alisema.

"Si ya kiwandani," fundi akaitika.

Bei ikashuka, kama ilivyotabiriwa, kwa sababu ya kile kilichoonekana, wala si kwa kile kilichokuwa kimefichika. Ni ajabu ya biashara hii: vizingiti vilivyooza chini ya mabamba ya asili vingeuzwa ghali kuliko vizima chini ya mabamba ya Ndagoni. Mnunuzi akauliza kama ya zamani yamehifadhiwa. La kushoto akaoneshwa vipande. La kulia alilishika kwa muda mrefu, akaipitisha gumba kwenye lile bonde, akasema hilo atalichukua hata kama limelika, na yuko tayari kurejesha sehemu ya fedha aliyoipunguza.

"Hilo halimo," mjane akasema.

Mwana mdogo alimtazama mama yake, akainama. Kwenye simu, kaka yake alinyamaza kitambo, halafu akauliza ni kiasi gani hasa kimekatwa.

Morris iliondoka Kilindoni juma lililofuata. Bamba la kulia liko Ndagoni. Wajukuu hulitumia kama rula, hupigia mistari madaftari yao ya madrasa, kwa kuwa rula za dukani huvunjika. Nao wamejifunza kuishikilia penseli kwa uangalifu inapofika pale palipolika, ambapo mstari huyumba.